Uzi wa Bluu Ambao Sikuuapia

Sikusoma sana. Nilifika darasa la nne huko Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, nikatolewa, nikakalishwa kwenye cherehani na fundi mmoja ambaye baadaye alinioa. Nayasema haya mapema ili anayesoma asitafute hapa maneno makubwa kuhusu baleti. Mimi baleti nimeijua kutoka upande wa ndani wa sketi, pale ambapo watazamaji hawaoni.

Hapa Brussels niliingia nyumba moja ya michezo ya jukwaani kwa ufagio. Nilikuwa nafagia karakana ya ushonaji, na siku moja nikamwona msichana anashona pindo kwa mishono mirefu kama hatua za mbuni. Nilivumilia wiki nzima. Wiki ya pili nilimnyang'anya sindano. Mkuu wa karakana, mama mmoja Mbelgiji mwenye miwani shingoni, alinitazama nikimaliza pindo lile, na mwezi uliofuata ufagio ulipewa mtu mwingine. Tangu hapo nina meza yangu karibu na dirisha, na juu ya meza kuna kimto cha sindano cha marehemu mume wangu, kigumu kama embe bichi. Ndicho kitu pekee cha duka lake nilichotoka nacho Burundi. Vingine viliachwa na milango wazi.

Mume wangu hakuwa na sheria nyingi za kazi. Aliyoirudia kila siku ni hii: nguo haitoki mkononi mwa fundi ikiwa na bandi. Bandi ni ile mishono mikubwa ya muda, ya kushikilia kitambaa mpaka cherehani ipite. Fundi akiisahau ndani ya nguo, mteja akaiona, basi huyo si fundi. Alikuwa akinigonga vidole kwa rula. Mpaka leo nikiona uzi mrefu umelala ndani ya mshono, mkono wangu unakwenda wenyewe.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alianza kucheza baleti akiwa na miaka sita, huko Ganshoren anakokaa na wazazi wake. Mimi sikutaka. Nilimwambia mama yake kwamba mtoto wa Kiislamu hachezi mapaja nje. Mama yake akaniambia mapaja hayako nje, yako ndani ya soksi ndefu, na soksi hizo bibi yake ndiye anayezitia viraka kila siku kazini. Miaka ikapita, mtoto akawa msichana, akafanya majaribio katika nyumba yetu ileile, akachukuliwa kwa msimu mmoja wa kupimwa. Jina la ukoo analotumia ni la baba yake, kwa hiyo hakuna aliyejua. Akanijia nyumbani kwangu Molenbeek, akakaa kitandani pangu, akasema, "Bibi, nakuomba. Kazini hatujuani."

"Unanionea aibu?"

"Nimeingia kwa miguu yangu. Sitaki waseme nimeingia kwa sindano yako."

Nikakubali. Kazini wote wananiita Maman, hata wenye mvi. Basi naye akipita kwenye ujia ananiambia, "Bonjour, Maman," kama wenzake, na mimi najibu kama ninavyowajibu wote, bila kuinua kichwa. Tulilifanya jambo hilo vizuri sana. Vizuri mno.

Mwaka ule akaletwa mwanamke mzee, mwembamba, mgongo umenyooka kama ubao wa kupimia. Nitamwita Madame, kama sote tulivyomwita. Kazi yake ni kusimamisha tena baleti zilizokufa. Hii aliyoletewa ilichezwa zaidi ya miaka mia iliyopita, ikasahauliwa, na walioicheza wote wako udongoni. Mimi nilidhani mchezo ukisahauliwa umekwisha, kama wali ulioliwa. Kumbe zamani kulikuwa na watu waliokaa pembeni na daftari, wakaandika kila hatua kwa alama ndogo juu ya mistari, na chini yake wakachora jukwaa kama anavyoliona ndege: kiduara kimoja ni msichana mmoja, mshale unaonyesha anakokwenda. Daftari la baleti hii lilipatikana, lakini kurasa nyingine zimechanika na nyingine zimelowa.

Madame alifanya kazi kwa kalamu mbili. Alichokiona kwa macho yake, iwe kwenye daftari la zamani, kwenye picha au kwenye nguo, alikiandika katika daftari lake jipya kwa wino. Alichokikisia ili kuziba pengo alikiandika kwa kalamu ya risasi. Hakuchanganya kamwe. Mjukuu wangu alinisimulia kwamba hata akiwafundisha anawaambia: hatua hii ni ya wino, ifanyeni ilivyo hata kama mnaiona ya kijinga. Hii ni ya risasi, mguu ukikataa niambieni. Nilimpenda kwa hilo. Watu wanaojua mwisho wa wanachokijua si wengi.

Sasa kulikuwa na ngoma moja katika sehemu ya pili, ya wasichana wanaoingia kwa mistari miwili, mmoja kutoka kulia, mmoja kutoka kushoto, wakapishana katikati. Ukurasa wa kuingia kwao ulikuwa umechanika. Ukurasa wa mbele ulionyesha viduara sita na madoa mawili ambayo yaweza kuwa viduara, yaweza kuwa maji. Madame aliamini wasichana walikuwa wanane. Mkurugenzi wa nyumba alitaka sita, jukwaa letu si kubwa. Mjukuu wangu alikuwa wa nane, wa mwisho kupangwa, na ngoma ile ndiyo pekee aliyopewa. Wakiwa sita, wawili wanatoka. Yule mwenzake alikuwa na ngoma nyingine. Wangu hakuwa nayo. Kwake sita maana yake ni kwenda nyumbani, na kupimwa kumekwisha.

Ndipo likaletwa sanduku la nguo za zamani za baleti hiyohiyo. Ndani yake sketi nane za wavu mwepesi, zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mkuu wa karakana akanipa mimi, kwa sababu nina mkono mwepesi, niimarishe mikanda ya kiunoni ili zivalishwe kwenye masanamu na kupimwa. Nikaanza na mbili zilizokuwa juu. Ndani ya mkanda wa kwanza nikaona mishono mirefu ya uzi mwekundu. Ndani ya wa pili, mirefu ya uzi wa bluu. Nikasema moyoni, fundi gani huyu, kaacha bandi ndani miaka mia. Nikaichomoa kwa ncha ya mkasi. Nikanyunyiza maji kidogo, nikapiga pasi, mkanda ukalala kama mpya. Nakumbuka niliridhika. Nilijiona nimemsitiri mwenzangu aliyekufa.

Siku ya tatu Madame alishuka karakana kuzitazama zile sita zilizobaki. Akageuza mkanda wa moja, akasimama. Akageuza mwingine. Akamwita mkuu wa karakana, akatuita na sisi. Akatuonyesha: nyekundu, mshono mmoja. Nyekundu, miwili. Nyekundu, mitatu. Bluu, mmoja, miwili, mitatu. Akasema hizi ni alama za mvishaji. Nyekundu ni wale waliosimama upande wa kulia, bluu wa kushoto, na hesabu ya mishono ni nafasi ya msichana katika mstari, ili kila mmoja apate sketi yake gizani nyuma ya jukwaa. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeletewa barua. Halafu akauliza, "Na zile mbili?"

Mkuu wa karakana akazileta zile mbili zangu, akageuza mikanda. Misafi.

Madame akaipapasa kwa kidole muda mrefu. Tabasamu likaondoka. Akasema basi hizi zilikuwa za akiba, hazikuwa na mtu. Watatu na watatu. Walikuwa sita, na yeye ndiye aliyekosea.

Mimi nilikuwa nimesimama na sindano mdomoni. Ilikuwa sababu nzuri ya kutosema, na nikaitumia.

Sijui kama aliyesoma hapa amewahi kubeba jambo la namna hiyo. Nilipanda tramu, nikapitiliza kituo. Nilitia chumvi kwenye chai, nikainywa. Mara kwa mara nilizigeuza zile sketi mbili wakati mkuu wa karakana hayupo, nikatafuta matundu ya sindano iliyopita zamani. Hayakuwepo. Maji na pasi yangu vilikuwa vimeyafunga. Hakuna mtu angeweza kufuta vizuri kuliko nilivyofuta mimi.

Nikapiga hesabu kila upande. Nikisema, nimeharibu kitu cha zamani, naweza kupoteza meza yangu. Hilo lingevumilika, mimi ni mzee. Lakini nikisema nimechomoa uzi uliokuwa na mishono minne, mwekundu na bluu, maana yake wasichana wanarudi kuwa wanane, na wa nane ni nani? Ni mjukuu wangu. Siku watakayojua, watasema bibi amezua wasichana wawili wa miaka mia iliyopita ili kumwekea mtoto wake nafasi. Tena ningelisema nini? Ushahidi nimeupiga pasi.

Na jingine, ambalo ndilo lililonila zaidi. Uzi mwekundu nilikuwa na hakika nao. Mimi huhesabu kila ninachochomoa, ni mazoea, na ule ulikuwa mishono minne. Ule wa bluu niliuanza, nikaitwa kupima nguo ya mtu, nikarudi nikaumalizia. Nilipojaribu kuukumbuka niliona minne. Lakini niliiona minne kabla ya kujua kwamba Madame anatafuta minne, au baada? Kila nilipojiuliza niliona minne waziwazi zaidi, na kadiri nilivyoiona waziwazi ndivyo nilivyoogopa. Moyo ukitaka kitu unakichora.

Jumamosi nikaenda kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, kwenye saluni ya rafiki yangu mmoja wa Bukavu. Ana mdomo mkubwa, lakini siri haimtoki. Nilimweleza huku anamsuka mteja aliyelala usingizi. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama.

"Maman, weye ni muntu wa ajabu," akasema. "Nyuzi mbili tu, na unakonda? Bon. Sema mishono ilikuwa ine kwa ine, mutoto abakie. Nani atakuya kuhesabu?"

"Mimi."

"Weye?"

"Mimi nitahesabu. Kila siku."

Akacheka mpaka mteja akaamka. "Alors, adui yako njo weye mwenyewe. Ukae hapa nikusuke, pengine akili itarudi."

Nilikataa kusukwa. Nilipofika nyumbani nikamkuta mjukuu wangu mlangoni, na mkoba wake wa viatu. Hakulia. Alikula wali wangu na maharage, akaosha sahani, akaifuta, akairudisha kabatini. Halafu akasema, akiwa bado amenipa mgongo, "Wamesema sita, Bibi. Ijumaa wanatuambia rasmi."

Nilitaka kumwambia. Nikamuuliza kama anataka chai.

Jumatatu asubuhi niliomba kusema na Madame mbele ya mkuu wa karakana. Kifaransa changu ni cha kazini, cha kutosha kuomba uzi na kulalamikia pasi, lakini siku ile kilitosha. Nikawaambia mikanda ile miwili haikuwa misafi. Niliisafisha mimi. Mwekundu ulikuwa na mishono minne. Wa bluu nadhani minne. Nilidhani ni bandi.

Mkuu wa karakana alivua miwani, akaivaa, akavua. Akaniuliza kwa nini nimekaa siku zote hizo. Nikamwambia kwa sababu niliogopa. Akaniuliza niliogopa nini, baada ya miaka yote hii pamoja. Hapo nikaona hakuna kona ya kujificha tena. Nikasema msichana wa nane ni mjukuu wangu.

Madame ndiye aliyesema kwanza, na hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniumiza. Alisema, "Maman, nakuamini. Lakini siandiki ninachokiamini. Naandika ninachokiona."

Sketi za zamani nikanyang'anywa siku hiyohiyo. Nikapewa kushona riboni za viatu, kazi ya wanaoanza. Sikulalamika, ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Mchana mjukuu wangu akanikuta ngazini. Kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile hakuniita Maman.

"Bibi, umefanya nini? Wote wanajua."

"Nimesema kweli."

"Umesema kweli isiyosaidia. Nafasi sijapata, na sasa kila mtu ananitazama kama mtoto aliyebebwa mgongoni." Akashuka ngazi mbili, akageuka. "Ungenyamaza tu."

Nilirudi kwenye riboni zangu. Nikashona kiatu cha kulia, nikashona cha kushoto. Kiatu cha tatu kilikuwa kimevaliwa, riboni yake imechakaa, nikaifumua ili niweke mpya. Nikachomoa uzi. Na mkono wangu, bila kuniuliza, ukauchukua uzi ule na kuusukuma kwa njiti ya kiberiti ndani ya kimto cha sindano, kupitia mpasuko mdogo wa chini.

Nikautazama mkono wangu kama mkono wa mtu mwingine.

Inabidi nieleze. Buyenzi watu waliogopa. Uzi uliokaa kwenye mwili wa mtu una jasho lake, na mwenye nia mbaya akiupata anaweza kuupeleka kwa mganga. Mimi siyaamini hayo, na mume wangu hakuyaamini, lakini mteja akiona uzi wa kanzu yake umetupwa sakafuni harudi tena. Kwa hiyo kila uzi uliotoka kwenye nguo iliyovaliwa uliingia kwenye kimto. Ndiyo maana kimekuwa kigumu vile. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na kwa kuwa nimefanya maisha yote, kichwa hakikumbuki tena. Mkono tu ndio unaojua. Siku zote zile nimetafuta matundu kwenye mkanda, na nyuzi zenyewe zilikuwa mbele yangu, nazichoma sindano.

Sikukifungua peke yangu. Ningekifungua peke yangu nani angeniamini? Nikamwomba mkuu wa karakana amwite Madame tena. Madame akaja na mkurugenzi, maana walikuwa pamoja, na mkurugenzi akasimama karibu na mlango kama mtu mwenye shughuli nyingine. Mjukuu wangu naye aliitwa. Hakunisogelea.

Kimto kile alikishona mume wangu. Mishono ya pembeni ni yake, midogo, yote sawa, na tangu afe sikuwahi kuigusa. Nikaikata. Nikaona mkuu wa karakana anageuza uso. Nadhani alielewa.

Ndani yake mlikuwa na Buyenzi yote. Nyuzi za kanzu, za sare za shule, uzi wa dhahabu wa harusi ya mtu ambaye sijui kama yu hai. Sikuzitazama, nilizisogeza kando. Za karibuni zilikuwa chini, karibu na mpasuko. Nikamwomba Madame achomoe yeye mwenyewe kwa kibano chake, mimi mikono yangu nikaiweka mgongoni.

Uzi mwekundu ulitoka mzima. Ulikuwa umepakwa nta zamani ile, na uzi wa nta ukikaa mahali pamoja miaka mia hukumbuka njia yake. Haukunyooka. Madame aliulaza kwenye karatasi nyeupe, na sote tukaona vilima: palipopita juu ya kitambaa, palipozama chini. Akaleta sketi ya mishono mitatu myekundu, akaulaza uzi pembeni yake. Mwinuko kwa mwinuko, umbali ni uleule. Akahesabu kwa sauti. Vinne.

Wa bluu ulikuwa umekatika. Nilikuwa nimeuvuta kwa haraka niliporudi kutoka kule nilikoitwa. Vipande vitatu. Kimoja kilikuwa na vilima viwili, kingine kimoja, cha tatu kilikuwa kifupi na kimesokoteka, ukitaka uone kilima unakiona, usipotaka hukioni. Madame akakitazama kwa kioo cha kukuza, akampa mkurugenzi. Mkurugenzi akasema yeye anaona mitatu. Madame akasema msichana wa bluu mitatu tayari yupo. Mkurugenzi akasema sketi huchakaa, msichana mmoja anaweza kupewa sketi mbili katika miaka miwili, na Madame hakuweza kukataa. Nilielewa vizuri hoja yake. Haikuwa hoja mbaya.

Ndipo mkurugenzi akanigeukia mimi. Alisema kwa upole, kwamba mimi ndiye niliyeuona ukiwa mzima. Nikiapa kwamba ulikuwa na mishono minne, yeye atakubali, wasichana watakuwa wanane, na mambo yaishe.

Nilimwona mjukuu wangu. Alikuwa ameshika kitasa cha dirisha, vidole vimekuwa vyeupe. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza ya shule, pale mlangoni, akitaka niseme haingii darasani.

Nilijitahidi. Mungu anajua nilijitahidi kuurudisha ule uzi mbele ya macho yangu. Niliuona, na ulikuwa na minne, na sikujua ni nani aliyeuchora.

"Mwekundu naapa," nikasema. "Wa bluu siapi."

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, akasema atafikiri. Wakatoka. Mjukuu wangu alitoka wa mwisho, hakufunga mlango.

Siku tatu hakuja Molenbeek, wala hakupokea simu. Binti yangu alinipigia akaniuliza kama kweli nilishindwa kusema neno moja dogo kwa ajili ya damu yangu. Nikamwambia neno dogo ndilo gumu. Akanikatia. Nilikaa jikoni, nikaswali, nikakaa tena. Kwenye ngazi za jengo letu kila viatu vilivyopanda nilisikiliza kama ni vyake. Nilikuwa na hakika nimemtoa mwenyewe, kwa mdomo wangu. Na bado, nikijaribu kusema naapa, hata peke yangu, hata kwa majaribio, ulimi haukwenda.

Ijumaa Madame alikuja kwenye meza yangu na daftari lake jipya. Hakukaa. Akalifungua ukurasa wa kuingia kwa wasichana, akaniwekea mbele. Mstari wa kulia viduara vinne vya wino. Mstari wa kushoto vitatu vya wino, na cha nne cha kalamu ya risasi.

Akanieleza kwamba alimwambia mkurugenzi wanne hawawezi kupishana na watatu, mistari ingegongana katikati, na mkurugenzi alijaribu mwenyewe mezani kwa vifungo vya koti, akashindwa. Basi wanane, kwa maonyesho haya. Likipatikana daftari jingine kesho likisema vingine, patabadilishwa.

Nikamuuliza, "Hii ya risasi si inafutika?"

"Inafutika," akasema. "Ndiyo maana tunaitumia."

Mjukuu wangu alikuja jioni ile, akiwa na mkoba wa nguo. Alisema salamu, nikajibu salamu. Akatoa sketi mpya, iliyokatwa kwa kipimo cha zile za zamani, ambayo alitakiwa kuivaa kwenye mazoezi ya kesho. Akaigeuza ndani nje, akaniwekea mapajani.

"Wenzangu wote wametiwa alama," akasema. "Mkuu wa karakana amewatia. Yangu amesema nikuletee wewe." Akanionyesha mkanda. "Bluu, minne."

"Nani kakwambia bluu minne?"

"Bibi."

"Bluu minne sikuiapia. Nikitia bluu, atakuja mtu miaka mia baadaye aseme ameiona kwa macho yake."

Alinitazama, nikadhani anaondoka tena. Lakini alivua koti. Akakaa kitandani pangu, akaanza kukanda vidole vya miguu, ambavyo vilikuwa vibaya kutazama.

"Basi tia unachojua," akasema.

Nikachukua uzi mweupe, ule hafifu wa kupigia bandi, unaokatika ukiuvuta kama risasi ya Madame inavyofutika. Nikashona ndani ya mkanda mishono minne mirefu. Nilipomaliza mkono ulikwenda wenyewe kwenye mkasi, na ikabidi niukalie. Nikaikunja sketi ikiwa na bandi ndani, nikampa avae hivyohivyo mbele ya watu.